Mke Mwenza Asipige Hodi

Mtu akistaafu ualimu wa Kiingereza hapa Dodoma hastaafu chochote, anahamisha darasa tu. Mimi niliagwa kwa keki na saa ya ukutani, nikarudi nyumbani kwangu Nkuhungu nikidhani sasa nitapalilia mizabibu yangu kwa amani. Amani ipi? Wiki haikuisha, dereva wa bodaboda aliyenipakia kutoka sokoni alipunguza mwendo katikati ya barabara, akanigeuzia kofia yake ngumu na kuniuliza: "Ticha, eti 'been' na 'being' ni ndugu?"

"Angalia mbele," nikamwambia. "Nitakujibu tukifika, kama tutafika."

Nilimjibu getini, mfuko wa nyanya mkononi, na nilimjibu vizuri. Hilo ndilo tatizo langu. Nina hasira za karibu, kila mtu mtaani anajua, lakini swali la Kiingereza likishaniingia sikioni siwezi kuliacha linaning'inia. Nitafoka kwanza, nitaeleza, nitatoa mifano, na mwisho nitamwambia mtu arudie mpaka apate. Yule kijana aliondoka amewakosa abiria wengine wawili, lakini "been" yake imenyooka mpaka leo.

Basi habari ikasambaa. Dada wa saluni aliniuliza kichwa changu kikiwa ndani ya sinki: mtu anasema "I am having two children" au "I have"? Nikamjibu nina povu masikioni kwamba ukisema "I am having", watu watakimbia kumtafuta mkunga, maana ni kama wanatoka sasa hivi. Alicheka akaniachia maji ya baridi shingoni. Kijana mmoja wa ofisi za serikali kule Mtumba akanitumia ujumbe wa sauti, ananong'ona kama mtu aliyejificha chooni, kwamba bosi wake amekata neno "about" kwenye "discuss about", je, ni uonevu? Si uonevu. Mwenye bucha akataka kujua kwa nini "meat" haina wingi wakati yeye anauza nyingi. Nimeulizwa hata msibani na mama mmoja, tumekaa mkekani na vitenge mabegani, kama msalaba unaandikwa "rest" au "rests". Nikamwambia yule mama tulie kwanza.

Wote hao niliwaweza. Wanataka kupita mahali: usaili, mtihani, bosi mkali. Aliyenitoa jasho ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, bibi wa Kigogo ambaye hata Kiswahili alikikuta ukubwani, na bado anakiongea kama kiatu cha kuazima. Alikuja asubuhi moja ya mwezi wa tano nikiwa nakunywa chai.

"Mbukwa," akasema. Hiyo ndiyo salamu yao.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwalimu, nifundishe Kiingereza."

"Cha nini tena, mama?"

"Cha mjukuu."

Nikavuta kigoda akakaa. Habari yake niliijua nusu. Mwanawe wa pekee aliondoka miaka mingi kwenda kusoma Kanada, akaoa hukohuko, akapata binti mmoja. Alikuja peke yake kumzika baba yake kule Haneti, akarudi haraka kazini. Yule binti bibi alimjua kwa simu tu. Jumapili simu inalia, uso wa mtoto unatokea, baba yake anamwambia punga mkono, anapunga, uso unaondoka. Basi. Kiswahili hana, Kigogo ndiyo usiseme. Sasa mwezi wa saba baba na binti walikuwa wanakuja kwa likizo, mama mtu amebaki na kazi yake.

"Nataka akija asiwe mgeni," bibi akasema. "Mgeni nimeshamwona kwenye simu. Ananipungia kama yuko kwenye basi linapita. Nitakufa, mwalimu, sitaishi milele, na huyo mtoto ataambiwa tu kwamba alikuwa na bibi. Sitaki aambiwe. Nataka aingie kwangu kama kwao."

Alisema hivyo akiangalia chai yangu, si mimi. Nikammiminia kikombe chake, nikasema tunaanza leo.

Jamani, nimefundisha watoto watukutu, nimefundisha madarasa ya watu sabini kwenye madawati ya watu thelathini, lakini mwanafunzi kama yule sikuwahi kupata.

"Shikamoo kwa Kiingereza ni nini?"

"Haipo, mama."

"Haipo? Sasa mtoto anamwamkiaje mkubwa?"

"Anasema 'good morning'."

"Na mkubwa anaitikiaje?"

"Anasema 'good morning'."

"Hilohilo? Kama kasuku wawili?" Akatikisa kichwa. "Haya. Endelea."

Siku ya pili tukafika kwenye "you". Nikamwambia "you" ni wewe.

"Na ninyi?"

"You."

"Na mkwe wangu, nikiongea naye kwa heshima?"

"You."

"Na mbuzi, nikimfukuza kwenye mboga?"

"Pia you, mama."

Alinitazama kwa huruma ya kweli, kama mimi ndiye niliyepungukiwa. "Kumbe ndiyo maana mwanangu hapigi simu katikati ya wiki. Anaishi na watu wasiojua nani ni nani."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Alinifurahisha yule mama. Mimi sikujaliwa mtoto, na asubuhi zangu zilikuwa zimeanza kuwa ndefu. Nikajikuta nasikiliza malapa yake yakiburuzika uani kabla hata maji ya chai hayajachemka.

Tuligombana mara moja tu, pale alipotaja sentensi anayoitaka hasa. Nilikuwa nimemwandalia "Welcome, my dear granddaughter", sentensi safi, haina kona. Akaikataa.

"Nitamwita mke mwenzangu," akasema.

Nikaweka kikombe chini. Huku kwetu hilo ni jambo la kila siku. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, mume ni mmoja, babu, na wanamgombania mpaka mmoja azikwe. Bibi yangu mimi aliniita hivyo mpaka anafariki, na alikuwa akinisingizia kwamba namtilia chumvi nyingi kwenye mboga yake ili mume anipende mimi. Lakini kwa Kiingereza? Kwa mtoto wa Kanada?

"Mama, kule hilo neno si la kumwambia mtoto."

"Neno lipo au halipo?"

"Lipo. Ni 'co-wife'. Lakini..."

"Kama lipo ni la watu. Nifundishe."

"Hataelewa."

"Mwalimu! Mjukuu nisiyemtania ni mjukuu wa nani? Nimwambie karibu kama mtu wa sensa? Wewe fundisha neno, maana yake niachie mimi."

Basi hasira zikanipanda, na nikikasirika ndipo ninapofundisha vizuri. Nikasema sawa, anataka neno, atalipata, tena litanyooka. Tukatengeneza sentensi mbili: "Welcome, my co-wife. Our husband has been waiting for you." Ile "has been" ilitugharimu siku nyingi. Bibi alikuwa anaimeza nusu. Alirudia akichambua mlenda, alirudia akifagia, mwenye bucha alinieleza kwamba aliirudia mbele ya nyama yake mpaka wateja wakauliza kulikoni. Mwisho ikatoka kamili kabisa, na mtihani wowote wa kuongea angepata alama zote. Nilivimba kichwa, siwezi kuficha.

Mwezi wa saba ukafika na ule upepo wetu wa baridi unaorusha vumbi mpaka kwenye meno. Bibi alivaa sweta mbili. Gari lilipoingia uani tulikuwa tumejaa: majirani, wamama wa jumuiya, mimi na miwani yangu. Akashuka binti wa miaka kumi na mitatu, mrefu, miguu kama ya korongo, amevaa fulana ya mikono mifupi kama vile kuna joto. Baba yake alibaki nyuma, akizongwa na mabegi na watu wa kumkumbatia.

Mlango wa bibi ulikuwa wazi. Bibi mwenyewe amesimama mlangoni, mikono imenyooka mbele. Yule binti akaja moja kwa moja, akafika kizingitini, akasimama wima na kusema kwa sauti: "Hodi!"

Watu wakapiga vigelegele. Kajua Kiswahili! Baba yake kule nyuma akanyoosha dole gumba. Alikuwa amemfundisha neno hilo ndani ya ndege, kwa nia njema kabisa, kwamba Tanzania huingii mlango wa mtu bila kulisema.

Mimi peke yangu nilikuwa karibu kuona uso wa bibi. Ulishuka. Mtoto wa mwanawe anabisha hodi kwao, mlango uko wazi, bibi yake amesimama hapo. Lakini alijikaza, akavuta pumzi, akasema sentensi zake mbili bila kukosea hata herufi.

Yule binti alibaki na tabasamu lililoganda. Akanitazama mimi, akamtazama bibi, akageuka kumtafuta baba yake. Kisha akaingia taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake.

Jioni wakaja binamu za baba yake kutoka Haneti, watu wa mizaha, sauti zao zinasikika mpaka barabarani. Wakamzunguka mtoto, wakamsifia urefu, wakaanza kumhesabia ng'ombe wa mahari: huyu zizi litajaa, huyu asiolewe karibu, huyu aolewe na mwenye mashine ya kusaga. Baba yake, amefurahi kuwa nyumbani, akawa anamtafsiria huku anacheka. Binti akaomba maji, akaaga na kwenda kwenye chumba cha wageni alichotandikiwa mashuka mapya. Nikasikia komeo.

Kesho yake hakula. Alisema tumbo. Baba yake akasema ni uchovu wa safari, na siku iliyofuata akapanda bodaboda kwenda Bahi kumsalimia mjomba wake, akijua mimi nipo kama mtoto atataka kitu.

Bibi akaja kwangu asubuhi hiyo, amekonda ghafla. "Ananiogopa, mwalimu. Nikiingia anasimama. Nikimpa ugali wa uwele anasema 'thank you', anauangalia tu. Na hodi! Anatoka chooni, hodi. Anakuja jikoni, hodi. Sijawahi kupigiwa hodi nyingi hivi tangu nizaliwe."

"Nitamwambia aache."

"Thubutu!" Akaninyooshea kidole. "Ukimwambia wewe, ataacha kwa ajili yako. Mimi nataka asahau mwenyewe."

Mchana getini kwangu kukasikika hodi nyembamba. Ni yule binti. Nikamkaribisha, nikamwekea karanga na zabibu. Hakugusa. Alikaa ukingoni mwa kochi, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha puani, nami naandika alichosema kwa maneno yetu.

"Shangazi, naomba uniambie ukweli. Huyo mume ni nani?"

"Mume yupi?"

"Ambaye ananisubiri."

Nikaangua kicheko. Mungu wangu, nilicheka, na nilipomaliza nikaona machozi yanamtiririka. Kumbe shuleni kwao wamewahi kuelezwa habari za mabinti wanaopelekwa nchi za wazazi wao wakati wa likizo, wakifika wanaozeshwa. Na yeye amefika kwa bibi, bibi amemwita mke mwenza, akamwambia mume wao amekuwa akimsubiri. "Amekuwa akimsubiri", tena kwa Kiingereza kilichonyooka, hakuna pa kujidanganya kwamba labda mzee kakosea. Jioni yake wanaume wamekuja kuhesabu ng'ombe. Na sasa baba yake kaondoka kwa pikipiki, hajui kaenda kukamilisha nini.

"Nataka kurudi nyumbani," akasema. "Ukinisaidia kumpigia mama, tutaondoka kesho."

Kesho! Bibi wa watu amesoma miezi miwili, amekariri mbele ya bucha, na mtoto anaondoka kesho kabla hata hajala tonge.

Nikasogea nikakaa karibu naye. Nimeeleza Kiingereza maisha yangu yote, lakini siku hiyo Kiingereza kilinigomea. Utani nitauitaje? "Joke" ni kitu cha kuchekea kikapita. Utani haupiti, ni undugu. Nilianza sentensi tatu nikaziacha njiani. Mwisho nikasema tu nilichokuwa nacho: kwamba hakuna mume anayekuja. Mume ni babu yako, yuko Haneti kaburini, amekufa. Bibi anasema ni mume wenu kwa sababu hataki kuwa naye peke yake. Baba yako huku anaheshimiwa, huchezi naye, lakini bibi anahesabiwa wa rika lako, mnagombana, mnasingiziana, mnacheka. Asiyekuwa wake hamwiti hivyo. Mimi nimekaa naye jirani miaka yote hii na hajaniita hivyo hata siku moja.

Hilo la mwisho lilinitoka bila kupanga, na lilinichoma kidogo.

Yule binti alifuta macho kwa fulana. "Kwa hiyo babu ni wangu pia," akasema.

"Ni wako pia."

"Baba ana picha yake moja tu." Akachukua zabibu moja, akaitafuna. "Na wake wenza wanafanya nini? Hasa hasa?"

"Wanagombana," nikamwambia. "Wanashitakiana kwa mume. Wanapika kwa zamu, leo wewe, kesho mwenzio, na kila mmoja anasema chakula cha mwenzie hakiliki."

Akachukua zabibu nyingine, kisha karanga, kisha akala bakuli lote. Hakuniomba tena simu.

Sikumwambia bibi kitu. Nilikwenda tu asubuhi mapema, nikajifanya naazima ungo. Bibi alikuwa jikoni kwake uani, maji ya ugali yanachemka, amekunja uso. Mara: "Hodi!"

"Karibu," bibi akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kukaribisha.

Binti akaingia amejifunga kitenge cha bibi kifuani, kimekaa vibaya, kinaburuzika. Akashika kiuno. Akanigeukia mimi: "Shangazi, mwambie mke mwenzangu aondoke kwenye hicho kigoda. Jana kapika yeye. Leo zamu yangu."

Nikatafsiri.

Mwiko ukamtoka bibi mkononi ukaanguka kwenye majivu. "Anasema zamu?"

"Anasema zamu, mama."

"Zamu yake?" Akainuka, naye akashika kiuno, mfupi chini ya yule mrefu. "Mwambie mimi ndiye mke mkubwa! Mwambie ameolewa juzi, hata kuni hajui zinawekwa wapi, leo anataka zamu! Mwambie mume alimdekeza!"

Nilitafsiri nikiwa sina pumzi kwa kicheko. Binti akajibu kwamba mume alimdekeza kwa sababu yeye ni mzuri zaidi. Bibi alipiga kelele iliyofukuza kuku wote uani. Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, akicheka huku anapiga mapaja, kisha akanyanyuka akamkabidhi mwiko kwa mikono miwili.

Ule ugali ulikuwa msiba. Ulikuwa na madonge makubwa kama mayai ya kanga, ndani unga mkavu. Bibi akautwaa na sahani yake, akaenda nao sebuleni mpaka mbele ya picha ya marehemu ukutani. "Mume wetu," akamwambia, "angalia ulichooa." Halafu akaula. Aliula wote.

Baba mtu aliporudi na samaki wakavu na mchele wa Bahi alikuta mtoto wake amekaa mkekani, bibi anamsuka, wanarushiana maneno, mmoja kwa Kiingereza, mmoja kwa Kigogo, na wanajibizana. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia aache kufundisha watoto maneno kwenye ndege.

Tangu siku hiyo mimi sikuhitajika. Nikipita kuuliza kama kuna cha kutafsiri, wananitazama kama nimekuja kuuza sabuni. Kiingereza cha bibi kiliyeyuka chote, hata "good morning" ilikwenda. Mtoto alihama chumba cha wageni na mashuka yake mapya, akahamia kitanda cha bibi, na asubuhi bibi analalamika kwa mtaa mzima kwamba mke mdogo anapiga mateke. Wakaenda Haneti kaburini. Bibi alinieleza kwamba mtoto alisimama pale akamshitaki kwa mume kwa Kiingereza, muda mrefu, akimwonyesha kidole, na yeye hakuelewa hata neno na hakutaka kuelezwa.

Lakini hodi haikuisha. Chumba wanacholala wote, hodi. Jikoni siku ya zamu yake mwenyewe, hodi. Baba yake alikuwa amelipigilia msumari neno lile. Kila likitoka nilimwona bibi anafumba macho kidogo, na kila nikifungua mdomo ananikanyaga mguu.

Siku za likizo zinakimbia. Siku ya kuondoka bibi alifunga mizigo kama watu wanaokwenda vitani: karanga, ubuyu, zabibu kavu, mlenda uliosagwa. Mtoto alilia, baba yake alilia, mimi nilisema ni vumbi. Bibi hakulia. Alimshika mtoto kichwa kwa mikono yote miwili, akamwambia kwa Kigogo kitu ambacho sikukiuliza. Gari likatoka kuelekea stesheni ya treni, likakata kona ya kanisa, likapotea.

Bibi akakaa kwenye kigoda pale mlangoni. Alitazama kona kwa muda.

"Ameondoka vizuri," akasema. "Alikuwa mgeni mzuri. Mgeni mzuri sana."

Niliumia kulisikia neno hilo. Nikakaa chini karibu naye.

Hatujanyanyuka, tukasikia honi. Gari lile linarudi, kasi, vumbi nyuma yake. Kabla halijasimama sawasawa mlango ukafunguka na yule binti akaruka, anakimbia na miguu yake ya korongo. Akatupita. Aliruka miguu ya bibi pale mlangoni kama anaruka kizingiti, akasukuma pazia la chumbani. Tukasikia kitanda kinasogezwa, droo inavutwa, kitu kinaanguka. Akatoka na chaja ya simu mkononi, akapitia jikoni, akafunua sufuria, akachukua kiazi kitamu cha jana, akakitia mdomoni. Akaturuka tena.

"Kesho zamu yako!" akapiga kelele kwa Kiswahili, mdomo umejaa, na gari likaondoka.

Vumbi likatulia. Bibi hakusogea.

"Mwalimu," akasema polepole. "Umemsikia?"

"Nimesikia zamu."

"Si hilo. Wakati anaingia. Ulisikia chochote?"

Nikafikiri. "Hapana, mama. Sikusikia kitu."

"Hata mimi." Akasimama, akajishika kiuno, akageukia barabara, akapaza sauti yake yote ili wasikie wa saluni, wa bucha na wa kanisani: "Jamani, mtoto gani huyu! Anaingia nyumba za watu kama ndama, anafunua sufuria, hata hodi hana! Hana adabu! Hana adabu kabisa!"

Alikuwa analia, na alirudia mpaka majirani wakatoka nje.